Dada, Nilimdanganya Keza kwa Jina Lako

Dada yangu,

Tangu tukuzike hapa kambini Dzaleka sijakuandikia, na si kwa kukosa karatasi. Naona haya. Ukiona mdogo wako, mimi ambaye mdomo haulali, nimenyamaza msimu mzima wa mvua, ujue nimefanya jambo. Linamhusu Keza wako.

Unamjua mwanao. Ndani ya nyumba alikuwa kasuku: anawaimbia kuku, anaigiza jirani anavyopiga chafya, anauliza kwa nini nsima ya huku haifanani na ugali wetu wa muhogo wa Rumonge. Akivuka mlango, kimya. Mtu akimpa karanga anapokea kwa mikono miwili na kuangalia chini. Mimi nilisema unamdekeza. Wewe ulijibu tu, "Mwache, atasema siku yake." Ulisema hivyo hata ukiwa na ile homa ya mwisho.

Ulipoondoka nikaona sasa nitamnyoosha. Mwalimu akiita majina, Keza haitiki. Kanisani wakubwa wakimpa mkono, hasalimii, na unajua kwetu mtoto asiyesalimia anamvua nguo aliyemlea. Mama wa kwaya wakaanza kuniuliza, kwa ule upole wenye pilipili, kama huyu yatima ninamfunza kweli. Nikawa namfinya bega kabla hatujafika mlangoni. Naandika ujue: nilimfinya, tena zaidi ya mara moja.

Kisha mama mmoja wa Uvira, anayeongoza chumba cha maombi, akaniambia, "Huyu mutoto iko na pepo ya bubu. Tufunge siku tatu, itatoka." Dada, nilifurahi. Pepo si kosa la mlezi. Nikafunga, na Keza nikampa uji wa asubuhi tu. Siku ya tatu tukamweka katikati, katika kile chumba cha jela ya zamani tunamosalia. Mama wanane wakamwekea mikono kichwani, wakipaza sauti aseme Yesu, neno hilo moja tu. Alifungua kinywa. Niliona mishipa ya shingo yake ikivutika. Hakikutoka kitu.

Hapo nikainama sikioni kwake nikamwambia, "Mama yako hawezi kupumzika huko aliko mpaka useme." Sijui neno hilo nililitoa wapi. Nililisema huku naangalia kama wale mama wanaona ninavyojitahidi. Keza akajikojolea mbele ya watu wote, na mimi nikaona aibu yangu, si yake.

Tangu siku hiyo hakusema tena hata nyumbani. Nikimwita anakuja, nikimtuma anakwenda, ila neno hakuna. Wiki ya tatu nikaogopa koo limeharibika. Tukapanda gari mpaka Lumbadzi, lingine mpaka Lilongwe mjini, halafu Likuni, kwenye hospitali ya misheni.

Muuguzi aliyetupokea ni mama mtu mzima, aliwahi kuishi Mbeya, Kiswahili anakijua. Alitazama koo, akasema ni zima. Akampa Keza vifuniko vya chupa achezee sakafuni, hakumuuliza hata jina. Aliniuliza mimi: zamani, nyumbani, alikuwa anasema? Nikajibu, sana. Akasema, "Basi huyu hakatai kusema, mama. Anaogopa, na woga unamfunga koo. Ukimsukuma unakaza fundo." Wako wengine kama yeye, akasema, si pepo wala kiburi. Asilazimishwe kusalimia, apunge mkono, inatosha. Shuleni, wenzake wakishatoka, niketi naye darasani tucheze wawili. Akizoea kusema nami humo, tumwongeze rafiki mmoja, na mwalimu akae mlangoni, asogee pole pole siku kwa siku. Lakini kwanza, akaniambia, "asikuogope wewe, mama."

Akauliza kilichomnyamazisha hata nyumbani ni nini. Nikasema msiba. Ya chumba cha maombi nikayameza.

Basi tumekwenda darasani kila alasiri, tumecheza, na Keza hajaniambia neno. Najua kwa nini. Nilikuwa sijamwomba radhi. Kwetu mkubwa hampigii mtoto magoti, nikajificha nyuma ya desturi hiyo kama nyuma ya ukuta.

Jana sikumkuta nyumbani. Nilimwona kaburini kwako, amechuchumaa, amenipa mgongo. Alikuwa anasema. Sauti yake inakwaruza kidogo sasa, Dada, lakini ni ile ile. Nikasimama kwenye mahindi, nikamsikia: "Mama, nilijaribu. Ilikataa kutoka. Usinikasirikie."

Nilirudi kabla hajaniona. Kumbe muda wote huu mtoto amebeba wazo kwamba ni yeye anayekunyima usingizi, na mzigo huo nilimtwika mimi, ili wanawake wanane wanione mlezi mwema.

Jumapili nitasimama mbele ya kwaya niseme hapakuwa na pepo. Mtoto alikuwa anaogopa na mimi nilimzidishia. Wakinicheka, wacheke. Ahadi hiyo ni nyepesi. Nzito ni ya leo. Nikiweka kalamu chini nitapiga magoti mbele ya mtoto wa miaka saba nimwambie nilisema uongo, kwamba wewe ulipumzika tangu siku ile tulipokufunika, na hujawahi kumdai neno lolote.

Kwaheri, Dada. Nikishamwambia nitanyamaza. Sitamwomba anijibu.

Mdogo wako,
Jozefina