Shemeji Anataka Nikae Gereji Mpaka Timu Ishinde

Jumanne, tarehe 9 Desemba

Mpendwa Bi Verna,

Nakuomba unisaidie, kupitia safu yako ya ushauri gazetini, katika jambo ambalo ukilisikia utacheka, na mimi mwenyewe nacheka nikiliandika, lakini kila kicheko kikiisha naona jambo bado liko palepale. Mimi ni mjane wa hapa Wisconsin, karibu na Green Bay. Mume wangu Norbert alifariki mwezi wa nne, baada tu ya Pasaka, na watu wote walimwita Norb, na kama umewahi kununua misumari au sepetu ya theluji kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mtaani kwetu basi huenda ni yeye aliyekuhudumia, yule mwenye penseli sikioni, maana alikuwa akiisahau hapo mpaka kanisani.

Timu yetu ya futiboli ya Kimarekani ikicheza, watu hukusanyika kwetu, ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Anakuja shemeji yangu Butch, mdogo wake Norb, anakuja binti yangu Krista na mumewe Todd, na jirani yetu Delphine, bibi wa miaka themanini na kitu ambaye hutukana waamuzi kuliko wanaume wote. Mimi huchemsha soseji kwenye bia na vitunguu, kisha Butch huzichoma nje hata kama theluji imemfika magotini.

Sasa, Norb alikuwa na mkosi. Si mimi ninayesema, ni Butch. Zamani Krista akiwa bado anatambaa, tulikuwa karibu kushindwa kabisa, Norb akaenda gereji, pale tunapolaza gari, kutafuta balbu, na akiwa huko mchezaji wetu mmoja akakimbia na mpira mpaka mstari wa mwisho. Norb akarudi na balbu yake mkononi, mara wapinzani wakatupokonya mpira. Butch akamwambia, "Kaka, nakupenda, lakini rudi hukohuko." Akarudi, tukashinda. Basi tangu siku hiyo robo ya nne, ile ya mwisho, ikiingia na mambo yakiwa magumu hakuna aliyehitaji kumwambia kitu, alijichotea bakuli la supu, akavaa kofia yake ya kufunika masikio, akaenda kukaa gereji na redio yake mpaka mchezo uishe, na hakununa hata mara moja. Alisema kila mtu katika timu ana namba yake, na yake ilikuwa ile.

Na redio, kama ujuavyo, huitangulia televisheni kidogo. Kwa hiyo sisi tuliokaa sebuleni tulijua yatakayotokea kabla hatujayaona, kwa sababu tulimsikia Norb kupitia ukutani. Akipiga yowe, Delphine aliweka sahani chini na kujiandaa kushangilia, wakati kwenye televisheni mrushaji wetu bado ameshika mpira na hajui aurushe wapi. Na tukisikia kiti kinasukumwa halafu kimya, Butch alianza kutukana mapema.

Msimu huu tulianza bila yeye. Watu walikuja, nilichemsha soseji, na tulikaa kama tuko kwa daktari. Mpira ukirushwa tunausubiri ushuke kama watu wengine wote duniani. Krista akasema, "Mama, mbona mchezo umekuwa wa polepole hivi?"

Halafu mwezi uliopita, siku moja tukiwa nyuma, nilikwenda gereji kutoa mikate kwenye friza, nikaona kiti chake, nikakaa kidogo tu, nikawasha redio, ilikuwa bado kwenye stesheni ileile, na mtangazaji akaanza kupaza sauti kwamba mpira uko hewani, uko hewani, umedakwa! Nikapiga yowe. Mimi, Bi Verna, ambaye hata panya akinipita mguuni sipigi yowe. Niliporudi ndani na mikate yangu niliwakuta wote wamesimama, wameugeukia mlango na wala hawaitazami televisheni, na nyuma yao ndiyo kwanza yule kijana anadaka mpira. Butch akanishika akanizungusha mpaka kandambili ikaruka chini ya kabati. "Shemeji! Shemeji yangu! Kumbe Norb amekuachia mkosi wake!"

"Acha kumwita mwenzio mkosi," Delphine akasema. "Hicho ni kipaji. Arlene, mwanangu, rudi haraka kabla hawajaupiga mpira tena."

Basi tangu hapo ni mimi. Na hatujafungwa tena. Juzi Alhamisi niliona limevuka mipaka, kwa sababu Butch alinipigia simu wakati sisi hata hatuchezi.

"Shemeji, uko wapi?"

"Niko jikoni, nakunja nguo."

"Nenda gereji."

"Butch, si timu yetu inayocheza!"

"Ndiyo, lakini tunawataka hawa mahasimu wetu wa Chicago wafungwe. Nenda, nakuomba, usiponionea huruma mimi ihurumie jamii."

Nikaenda, na koti la Norb juu ya nguo za kulalia. Wakafungwa. Jumapili tukashinda kwa mkwaju wa mwisho kabisa uliopita katikati ya nguzo. Jumatatu asubuhi nikiwa kwa mwokaji, kwenye redio watu wanapiga simu kama kawaida, mmoja anataka kocha afukuzwe, mwingine anataka kocha ajengewe sanamu, na wote wanaizungumzia timu moja, mara nikasikia sauti ninayoijua: "Jamani, muacheni kocha. Msifuni shemeji yangu, anakaa gereji kwa ajili yenu." Mwanamke aliyekuwa kwenye foleni, anayemjua Butch, akanigeukia. "Ni wewe? Mama wa Gereji? Usithubutu kushikwa na mafua wiki hii!" Nikapewa andazi la bure.

Jumapili ijayo ndiyo mechi yenyewe. Tukishinda tunaendelea mpaka mwaka mpya, tukishindwa msimu umekwisha. Todd ameleta hita ya kuweka gereji, Butch ameleta mto wa kiti, Delphine amenifumia soksi za kijani na manjano ambazo zingemtosha farasi. Wote wamefurahi, na Butch sikuwa nimemwona akicheka tangu tumzike kaka yake.

Isipokuwa Krista. Jumapili alinifuata jikoni, akafunga mlango. "Mama, mwanzoni ulikuwa ukienda robo ya nne. Siku hizi unakwenda tangu mapumziko. Na leo ulikwenda tukiwa tunaongoza."

Nikamwambia ni kwa tahadhari tu.

"Tahadhari ya nini? Tulikata keki, nikakuita, ukasema unakuja. Hukuja." Halafu akasema, "Baba nilikuwa namsikia ukutani. Sitaki na wewe nikusikie ukutani."

Na anasema kweli. Nakuungamia kitu ambacho sijamwambia hata padri. Napapenda kule. Koti lake lina harufu ya vumbi la mbao na pipi za mnanaa, penseli zake ziko kwenye kopo, na mimi humweleza matokeo kama vile yeye hakuyasikia. Mchezo ukiisha nasubiri kidogo kabla ya kurudi ndani, na kila wiki hicho kidogo kinaongezeka. Hakuna anayeniuliza, kwa sababu wote wanadhani nakaa huko kwa ajili ya timu.

Sasa nifanye nini? Nikikaa sebuleni tukafungwa, mji mzima utasema ni mimi, na Butch atarudia ukimya wake. Nikienda gereji nitampoteza binti yangu, au yeye atanipoteza mimi. Samahani kwa kukuchosha na barua ndefu, kalamu ikianza huwa siwezi kuishika.

Ni mimi, Arlene W.

*

Mpendwa Arlene,

Pole sana kwa Norb. Nadhani aliwahi kuniuzia kitasa cha mlango. Alinieleza jinsi ya kukifunga mara mbili, kisha akakichora kwenye mfuko wa karatasi kwa sababu aliona usoni mwangu kwamba sijaelewa. Kitasa bado kinafunga.

Ulisema nitacheka na nimecheka. Ungekuwa unamwandikia mtu mwenye akili timamu, angekuambia kwamba wanaume wenye miili kama friji, wanaolipwa kwa kazi hiyo, hawawezi kushinda au kushindwa kwa ajili ya mjane aliyekaa kwenye mto. Lakini mimi nina sweta ambalo halijafuliwa tangu Septemba, na mume wangu haruhusiwi kukohoa mpira wa mkwaju ukiwa umewekwa chini. Kwa hiyo hilo la mkosi tuliache, sina uso wa kulisema.

Nitakugombeza kwa jingine. Norb alikwenda gereji robo ya nne, mambo yakiwa magumu. Tukiongoza alikuwa wapi? Sebuleni, na soseji mkononi. Mchezo ukiisha alikuwa wapi? Nina hakika alikuwa wa kwanza kwenye keki. Wewe unatoka tukiwa tunaongoza, mama, na keki inakatwa hupo. Usimsingizie Norb, yeye hakucheza namba hiyo. Hiyo umeibuni mwenyewe, na hata timu umeisingizia.

Sikulaumu. Miezi minane ni midogo sana, na mtu akipata mahali penye harufu ya mume wake atapakimbilia, hata mimi ningepakimbilia. Lakini binti yako amekuambia jambo zito kwa maneno machache, na amekuambia jikoni, si mbele ya watu, wala hakukuaibisha. Huyo ni mtoto uliyemlea vizuri. Msikilize. Yeye naye amefiwa, na anakaa kwenye kochi anautazama mlango wa gereji, ambao zamani ulimficha baba yake na sasa unamficha mama.

Na huyo Butch wako simwoni kama mtu mbaya. Mwanamume wa huku akimlilia kaka yake hawezi kusema "namlilia kaka yangu", anapiga simu redioni anazungumzia futiboli. Lakini kuna kitu hakijawahi kumpitia kichwani, na wewe ndiye utakayemwambia, tena kabla ya Jumapili, usingoje mechi ianze.

Mwambie hivi: "Shemeji, Jumapili zamu ni yako." Hita ipo. Mto ameununua mwenyewe. Soksi za Delphine umesema zingemtosha farasi, basi zitamtosha. Yeye ni ndugu wa damu wa Norb, na kwa jinsi nilivyomsikia Jumatatu, yowe lake litapita ukuta wowote wa Wisconsin. Akibisha, muulize kama anaijali jamii au haijali. Halafu muache huko peke yake na kiti cha kaka yake na lile kopo la penseli. Nadhani anapahitaji kuliko anavyojua. Mchezo ukiisha, mkamtoe, hata kama atasema anakuja.

Wewe ukae kwenye kochi kati ya Krista na Delphine tangu mkwaju wa kwanza. Robo ya nne ikiingia na kila mtu akakugeukia, chukua soseji nyingine, utafune polepole. Ukitaka kwenda kwa Norb, nenda Jumatano asubuhi na kikombe cha kahawa, umweleze matokeo yote, ulie kama kilio kipo, kahawa ikiisha uzime hita na ufunge mlango. Jumatano, si Jumapili. Na Krista akitaka kuja nawe, mpelekee kiti cha pili.

Tukifungwa, waambie ni mimi niliyekukataza. Wanajua ofisi ya gazeti ilipo, na mimi nimezoea kutukanwa. Tukishinda, usimwambie mtu yeyote kitu, kata keki ukiwa umekaa na wenzako, na unikumbuke.

Bi Verna