Kitambaa Kizuri Si cha Ukutani

Malangali, Sumbawanga

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Sisi wazima, baridi tu ndiyo inatusumbua. Baba yako yuko Laela anauza mahindi. Babu yako anauliza utaolewa lini, usimjibu.

Umeuliza kile kitambaa cha jikoni ulichonunua kwenye duka la makumbusho huko Dar, cheupe chenye picha ya masuke ya ulezi, ukifutie vyombo au ukitundike ukutani kwa vile ni kizuri mno.

Nilipoolewa huku kutoka Mbeya, mawifi walinong'ona kwamba ugali wa ulezi utanishinda. Siku ya kwanza ya mavuno nikatumwa kupeleka chakula shambani, mbali, upepo wa Juni ukikata masikio. Nilikuwa na kitambaa cha pamba nilichokidarizi maua kwa mkono wangu, na kila mtu alisema ni cha kutandika mezani wageni wakija. Nikafungia ugali humo humo.

Vyakula vya wengine vilifika vimepoa. Nilipofungua changu, mvuke ukapanda mbele ya watu wote! Baba mkwe akamega tonge, akapuliza vidole, akacheka: "Huyu hatumrudishi Mbeya!" Mawifi wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga kuwashinda.

Doa la ulezi halijatoka mpaka leo. Nalipenda kuliko maua yote niliyodarizi.

Basi kifutie vyombo, kisha unitumie picha yake. Nikikiona bado cheupe, tutagombana.

Bibi yako