Chanzo Kimoja

Jumapili, 9 Novemba 2025

Makala yangu imetoka leo kwenye gazeti la Nairobi. Maneno mia tisa. Wawakilishi wadi kumi na mmoja wa bunge la kaunti yetu wanajiita Nguzo — wenzao huwaita Wakwe. Wanataka mwanamke asipewe mafunzo ya kazi za Ghuba bila barua ya ridhaa ya mume au baba.

Nilihitaji sauti moja ya huku Ghuba, ninakokaa. Nikampata Scovia, anatandika vitanda katika hoteli moja West Bay. Jina lake sikulitaja. Nilimnukuu: "Ningengoja ruhusa, ningekuwa nangoja mpaka leo. Niliondoka mume wangu akiwa matangani kwao, Pasaka ya mwaka juzi. Watoto wawili nikamwachia dada yangu." Tarehe niliihakiki kwa tiketi yake.

Mhariri: safi, hakuna cha kugusa.

Jumanne, 11 Novemba

Mheshimiwa Mutai, kiongozi wa Nguzo, ameisoma makala yangu bungeni. Yote, polepole, kama somo la kanisani. Nimemtazama kwenye simu nikiwa ndani ya metro.

"Si mimi nasema! Ni kadama mwenyewe! Mzee yuko matangani, mama yuko airport!"

Kicheko. Kadama, jina la mfanyakazi wa ndani wa Ghuba, ingawa Scovia ni wa hoteli. Mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: na mkeo, Mheshimiwa, ukimwandikia barua atarudi kweli? Spika akagonga meza.

Nilimfuata neno kwa neno. Hakukosea hata moja.

Jumatano, 12 Novemba

Scovia amepiga simu saa ya chakula. Hakusalimu — Scovia, ambaye huuliza mpaka habari za jirani yangu!

Mumewe, Eugene, amejitambua kwenye makala. Matanga, Pasaka, watoto wawili kwa shemeji: nani mwingine? Amekwenda kwa chifu na gazeti mkononi. Anataka Tevin na Michelle watolewe kwa Milka, dada yake Scovia. Chifu amemwambia asubiri kamati ya bunge inayosikiliza hoja ya Nguzo, Jumanne ijayo. Kamati ikiipokea makala kama ushahidi kwamba mama alitoroka, chifu ataandika barua watoto waende kwa baba.

"Lakini Dada Shiru, si nilikwambia kwa nini nilitoroka?"

Aliniambia. Daftari, ukurasa wa 41. Mara ya kwanza alivunjwa mkono. Mara ya pili alikabwa koo, Tevin akiona. Pembeni, mwandiko wangu: chanzo kimoja, haijathibitishwa. Nikakata. Kutoroka kulikuwa na tiketi. Kupigwa hakukuwa na karatasi.

Ijumaa, 14 Novemba

Scovia amekuja kwangu Muaither baada ya ibada; huku kanisani ni Ijumaa. Tumempigia Milka kutoka chumbani kwangu, simu juu ya kitanda katikati yetu.

"Fomu ya P3 ya kupigwa iko kwa sanduku," Milka akasema. "Daktari ameijaza, polisi wamepiga muhuri. Si ungeuliza?" Kisha: "Kwani Scovia hakukupa namba yangu?"

Alinipa. Iko ukurasa huohuo, mistari mitatu chini. Sikupiga. Zilibaki saa mbili ukurasa ufungwe, na ile nukuu ya matanga ilikuwa tamu tayari. Daftarini niliandika "haijathibitishwa". Ukweli ni kwamba sikuthibitisha.

Milka ametuma picha ya fomu. Nimemwomba Scovia ruhusa ya kuyasema mbele ya kamati, wakinipa nafasi. Tevin ameingia sekondari, akasema, wenzake wanasoma kila kitu kwenye simu.

"Basi sema. Lakini useme yote. Usipunguze-punguze vile mmezoea."

Hakugusa chai.

Jumapili, 16 Novemba

Nimemwandikia mhariri: tuongeze aya moja. Jibu: hakuna kosa, kwa hiyo hakuna masahihisho, leta habari mpya kamati ikimaliza. Nilipokuwa kwenye kiti chake niliwajibu watu hivyohivyo. Hata sikuwauliza ni nani anaumia.

Karani wa kamati ameomba nithibitishe makala kwa video, Jumanne saa nne asubuhi. Nimekubali. Nimeandika nitakayosema. Nusu ukurasa, pamoja na tarehe ya P3.

Jumanne, 18 Novemba

Saa tano kasoro robo. Kamati bado inakaa. Naandika huku nikiwatazama.

Nilikuwa na ile nusu ukurasa mbele yangu. Karani akaniapisha. Mutai ndiye mwenyekiti, mpole kuliko nilivyotarajia.

"Madam, tunaheshimu sana kazi yako. Kuna neno lolote kwa hii makala ambalo si kweli?"

"Hakuna."

Haraka hivyo! Miaka ishirini na miwili nimeulizwa swali hilo, na mawaziri, na mawakili, na jibu hujitoa lenyewe. Nikaanza, "Lakini, Mheshimiwa —"

"Asante, Madam. Umetusaidia sana." Wakanizima sauti kutoka kwao.

Nikabonyeza alama ya mkono ya kuomba kusema. Ilikuwa saa nne na dakika kumi na mbili. Nimemtumia karani fomu kwa barua pepe. Yuko pale kwenye skrini, anaandika kumbukumbu, simu yake ameilaza kifudifudi. Mjumbe mmoja mwanamke ameomba nirudishwe. Mutai: shahidi ameshajibu, tusimchoshe.

Yule wa safu ya nyuma lazima ni Eugene. Koti la kijivu, gazeti limekunjwa magotini. Anasikiliza kwa adabu.

Sasa wanahesabu wanaounga mkono makala ipokelewe kama ushahidi. Mkono wangu wa manjano bado uko juu, pembeni mwa skrini.

Scovia ameniandikia, kati ya chumba na chumba: Umeshasema?