Pampu Tuliyoifukia

Maduhu, mwangaluka,

Nimemshinda mtu wa bima. Alikuja na gari kutoka Mwanza, nikambana kwa maneno mpaka akakimbia, akasahau kofia yake kitini. Bariadi nzima wanacheka.

Uongo. Kofia aliondoka nayo, na hakuna anayecheka. Lakini ulizoea nianze na uongo ndipo unisikilize, nikaona nisikubadilishie.

Tulikucheka sana uliponunua ile nyumba yenye chumba chini ya sakafu. Msukuma gani anaishi juu ya shimo? Nikakuita panya buku. Wewe ukaweka humo mbegu zako za pamba, ukanunua pampu ya mkono ya kutolea maji, halafu ukaikatia nyumba bima. Ukanisomea karatasi yao kama padri: moto wanalipa, paa likiezuliwa wanalipa, maji yakipanda kutoka chini wanalipa, mradi pampu iwe nzima. Nikakuuliza, na mwenye nyumba je? Ukasema, "Huyo hayumo." Tukacheka, wajinga sisi.

Siku ile mvua ilikataa kuacha. Ukashuka kuvuta maji mwenyewe, na ukuta wa upande wa mto ukakulalia. Tulikutoa umeshika mpini wa pampu, Maduhu. Mimi ndiye niliyekufungua vidole, kimoja kimoja. Nimechekea mambo mengi. Hilo bado sijaweza.

Sasa sikia tulichofanya. Tulipotoka kukuzika, majirani walikuja na majembe, hakuna aliyewaita. Shimo lililoua mtu lingekaaje wazi na watoto wako wanacheza hapo? Tukalifukia siku hiyohiyo, na mbegu zilizooza, na pampu, na kila kitu. Tukashindilia kwa miguu, mimi ndiye niliyeanzisha nyimbo. Wanawake wakapaka udongo na mavi ya ng'ombe, waombolezaji wakakaa juu yake. Kazi safi.

Mtu wa bima alipofika akauliza palipoingia maji ni wapi. Tukamwambia, umepakalia. Akasema bila kuiona pampu hawezi kuandika kitu. Nikaanza kutafuta maneno ya kumkatalia, maana ndipo ulipofia pale. Mke wako Mbuke akasimama. "Chimbeni," akasema, akaenda jikoni asione.

Tukachimba. Pampu ikatoka, mpini umekatika vipande viwili. Siku ile mpini ulitoka mzima mikononi mwako, shahidi ni mimi. Ule ushindiliaji wetu ndio ulioukata. Nikamweleza yote. Akanisikiliza kwa adabu, kijana mwenyewe hana ubaya. Akasema, "Mzee, mimi nitajuaje kama haukukatika kabla ya maji?"

Bima hawalipi.

Nyumba imepasuka kutoka dirishani mpaka juu. Mbuke analala jikoni na watoto, na mvua bado zipo. Nimempa nyumba yangu, mimi nihamie banda la ndama. Nikamwambia ndama wamekubali. Yeye amekataa, anaogopa watu watasema namrithi. Kwa meno gani? Anataka kurudi kwao Shishiyu, na kaka zake wamesema watampokea yeye peke yake, watoto wagawanywe kwa ndugu zako. Yule mdogo ameanza kulala ameshika nguo ya mama yake.

Basi, ndugu yangu, lala. Kaburi lako nitalipalilia mpaka na mimi niwekwe pembeni, na hapo hachimbi mtu, hata aje na magari kumi.

Ila kuna kitu changu unacho. Ulipomtaka Mbuke ukaogopa, nani alitembea mpaka kwa baba yake kukusemea, akarudi amechaniwa kaptula na mbwa? Ulisema utanirudishia. Nakidai leo. Mwendee ndotoni, mwambie ahamie kwangu na watoto wote. Nimemwambia mimi, hasikii, wewe atakusikia.

Na ukija, pitia kwake moja kwa moja. Kwangu usibishe hodi. Mimi naogopa wafu.