Mara Kumi na Saba

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kabla ya mengine yote. Shemeji hajambo? Watoto je, na yule mdogo aliyekataa kunyolewa? Goti lako nalo limetulia, au bado ndilo linalokuamulia ubavu wa kulalia? Huku tu wazima, kwa maana ya kutembea na kula. Mimi nimekonda kidogo, lakini usimwambie shemeji, ataanza kunitumia dawa.

Najua utashangaa kupata barua, tena kwa mwandiko huu uliokuwa ukiucheka. Ningeweza kukupigia, lakini simu nimeanza kuiogopa, na ukimaliza kusoma utajua kwa nini. Barua nimempa mume wa muuguzi wetu, yule dereva wa basi la jioni, akukabidhi mkononi kesho Jumanne asubuhi. Nakuomba uisome kesho hiyohiyo. Usiitie mfukoni ukaisahau kama ulivyokuwa ukifanya na barua za mwalimu mkuu.

Nianze na kazi yangu, maana sidhani kama uliwahi kuielewa. Ulizoea kusema nalipwa kwa kunywa chai na vikongwe. Chai ninakunywa, sikatai. Lakini kila asubuhi, kati ya saa moja na saa mbili, wazee wote wa mtaa wanaoishi peke yao hunibipu kwenye simu ya kituo chetu cha wazee. Simu inalia mara moja, inakata, naona ni namba ya nani, natia tiki kwenye daftari. Wazee wetu wengi hawana salio, na kubipu hakutaki salio. Bipu moja maana yake nipo, nimeamka, msinihangaikie. Asiyebipu mpaka saa tatu, muuguzi anapanda baiskeli kwenda kumgongea mlango. Hakuna zaidi ya hapo. Katika miaka miwili tumewakuta watu sita sakafuni, na wote sita wako hai mpaka leo.

Aliyebuni mambo hayo ni Shangazi, kama alivyobuni vurugu nyingine zote za mtaa huu. Aliacha ukunga, lakini kupigania watu hakuacha. Ndiye aliyebeba kigoda chake akakaa mbele ya dirisha la dawa pale zahanati, akasema haondoki mpaka wazee wapate dirisha lao wenyewe. Alikaa siku nne. Ya tano, dirisha likafunguliwa. Baada ya hapo akaligeukia baraza la mji. Alitaka simu ya asubuhi ifike kata zote, iwe na watumishi wake, na pawe na gari la kuwapeleka wazee hospitali. Madiwani walimkwepa mpaka wakachoka kumkwepa, wakatupangia siku ya kusikilizwa. Ilikuwa Jumatano ile.

Nyonga ilimkaza asubuhi hiyo, akashindwa kuja. Akanituma mimi na daftari. Aliniambia nisitishwe na watu wenye vitambi, kwamba nusu yao yeye ndiye aliyewapokea duniani wakiwa uchi, na kwamba atakuwa ananibipu ili nijue yuko nyuma yangu. Nilicheka, nikaenda.

Kaka, simu ya kituo niliyokuwa nayo ilianza saa tatu na dakika kumi na moja. Niliiweka juu ya meza bila sauti, nikaona namba ya Shangazi inawaka na kuzimika. Nikatabasamu. Baada ya dakika chache, tena. Kisha tena. Nilipoitwa kusema, nikawaeleza madiwani jinsi utaratibu wetu unavyokwenda, nikawaonyesha daftari lisilo na siku iliyorukwa. Nilikuwa katikati ya maneno, saa tano na dakika nane, namba ikawaka tena. Nikainyanyua simu juu waione wote. Nikasema huyu ni Shangazi yangu, mwenye umri wa miaka themanini na moja, na hii ni mara ya kumi na saba leo. Nikasema bipu maana yake nipo, basi mkunga wenu yupo mara kumi na saba. Ukumbi mzima ulicheka. Wakapiga makofi. Wakakubali azimio kwa mikono yote, wakasema litapitishwa rasmi kikao kijacho.

Hayo ya kucheka uliyasikia kwenye mazishi ya Shangazi, maana diwani wetu aliyarudia kwa watu wote. Sasa nikueleze usiyoyasikia, ya baada ya mazishi.

Jumapili, ulipokwishaondoka kwenda kupanda basi, niliichukua simu ya Shangazi, ile tuliyoikuta chini yake imeisha chaji. Niliichaji kidogo, nikatazama nilichotaka kutazama, kisha nikatoa betri na laini. Betri ilikuwa bado kiganjani mwangu simu ya kituo ilipolia. Mara moja, ikakata. Ilikuwa namba ya Shangazi. Saa ya ukutani ilisema saa tatu na dakika kumi na moja.

Nilijiambia ni mtandao. Jumatatu ikalia tena, saa tatu na dakika kumi na tisa. Jumanne, saa tatu na dakika ishirini na nne. Nikampelekea fundi simu. Akaigeuza, akaifungua, akaniambia laini iliyotolewa haiwezi kupiga popote, akanitazama kwa namna ya kuniuliza nimelala lini. Nikaipokea, nikarudi nayo kazini.

Unamkumbuka Mzee Ratiba, aliyekuwa mkuu wa stesheni, anayekwenda hata chooni kwa saa? Yeye ndiye aliyeng'amua. Siku ya tano aliniomba nimfungulie kumbukumbu za simu za Jumatano ile, akavaa miwani, akalinganisha na alichokuwa akikiandika kwenye kipande cha karatasi. Ni saa zilezile, Kaka, na dakika zilezile. Kila siku inakuja bipu moja ya Jumatano, kwa mpangilio wake, bila kuruka hata moja. Mzee Ratiba alikunja karatasi yake akasema, kwa sauti ya mtu anayetangaza treni, kwamba haijachelewa hata dakika.

Siku hizi dakika ikikaribia wazee wanaacha chai. Hakuna anayewaambia. Wanaweka vikombe chini mmoja baada ya mwingine, wanaitazama simu, inalia, inakata, kisha wanaendelea na maongezi pale walipoishia. Mshona nguo mmoja mstaafu, bibi mkorofi kweli, huniuliza kila siku kwa nini simtilii Shangazi tiki yake na hali amebipu. Namjibu nitatia baadaye. Ananiambia zamani sikuwa na uzito wa kutia tiki. Sijui anajua nini, na mimi sithubutu kumuuliza.

Nilijaribu kupokea. Bipu ni fupi, unajua, kidole hakiwahi. Lakini siku ya kumi na mbili nilikaa nimeishika simu, kidole juu ya kitufe tangu dakika tano kabla, na niliwahi. Sikusikia mtu. Nilisikia tone la maji likidondoka ndani ya sufuria. Ni bomba la jikoni kwa Shangazi, lile lililokuwa likivuja, nililoahidi kumwitia fundi tangu mwaka jana. Tone moja, kimya, tone la pili. Nikaita Shangazi. Kitu kikaburuzwa sakafuni, polepole, kama mkeka, ikakata. Nyumba ile tuliifunga maji mimi na wewe siku ya mazishi. Wewe mwenyewe ndiye uliyekaza koki ya nje.

Sasa nifike pale ninapoogopa kukueleza. Uliniuliza mara mbili siku ile alikufaje, na mara zote mbili nilikujibu alianguka Ijumaa alfajiri akafa palepale, hakuteseka. Nilikudanganya. Shangazi alianguka jikoni Jumatano, muda mfupi baada ya saa tatu. Nyonga ilivunjika. Hakuwa na salio, alikuwa na simu tu mfukoni, na kitu pekee alichoweza kufanya kwa simu ile ni kubipu. Akabipu. Sisi tuliofundishwa naye kwamba bipu maana yake nipo salama, tukacheka ukumbi mzima. Hakuwa na bipu ya namna nyingine ya kusema nakufa.

Hilo peke yake labda ungenisamehe. Lakini Alhamisi asubuhi Shangazi hakubipu. Saa mbili ikapita, saa tatu ikafika. Muuguzi akauliza kama kuna mlango wa kugonga leo. Nilikuwa bado nimelewa makofi ya jana. Nikamwambia hakuna, nikacheka, nikasema Shangazi jana amebipu za mwezi mzima. Nikatia tiki. Mkono wangu huu huu unaoandika ndio uliotia.

Tulimkuta Ijumaa. Alikuwa amejiburuza na mkeka kutoka jikoni mpaka karibu na mlango, na kikombe kitupu kando. Muuguzi alimkagua, akanivuta pembeni, akaniambia amekufa jana alasiri. Alhamisi alasiri, Kaka. Saa tatu ile ya Alhamisi, nilipokuwa natia tiki, alikuwa hai. Kwa baiskeli ni dakika saba. Nilimlilia muuguzi asiseme, nikamwambia tukisema huduma itafungwa na wazee wote watabaki bila mtu. Akainamisha kichwa, akakubali tuseme Ijumaa. Usimlaumu. Nililia sana, na sehemu ya kilio kile ilikuwa kwa ajili ya kazi yangu.

Kesho ndicho kikao cha kupitisha azimio. Wameliita kwa jina la Shangazi. Diwani ameniomba nisimame tena nisimulie ya bipu kumi na saba, maana wajumbe waliyapenda sana, na ameniomba niinyanyue simu juu kama siku ile. Leo imelia ya kumi na sita. Ya kumi na saba ni kesho, saa tano na dakika nane, na nitakuwa nimesimama mbele yao.

Nitasema ukweli. Nimeshamwambia muuguzi, na amesema atakaa kando yangu. Huenda wakalitupa azimio lote, na gari, na watumishi, na kila alichokihangaikia Shangazi na kigoda chake. Huenda nikapelekwa polisi, na ni haki yao. Lakini siwezi kuwaacha wazee wa mji mzima wafundishwe kubipu na kunyamaza. Nitawaambia mzee apigiwe, asikilizwe sauti yake, aulizwe ameamkaje na ajibu kwa maneno. Wakitaka kunifukuza wanifukuze baada ya kuyaandika hayo.

Nilikuambia kwamba Jumapili ile niliichaji simu ya Shangazi nikatazama nilichotaka kutazama. Nilitaka kujihakikishia ni mara ngapi alinipigia. Kumi na saba, kama nilivyosema. Lakini orodha yake ina simu kumi na nane. Ya mwisho hakunipigia mimi. Aliipiga saa tano na dakika ishirini, baada ya kunikatia tamaa, na namba ni yako. Natumaini ulikuwa kazini, ukaona amebipu, ukafurahi kwamba yupo. Sikulaumu, nitakulaumu kwa lipi mimi? Nimekuficha siku zote hizi kwa sababu sikutaka ubebe ninachokibeba. Lakini sasa siwezi kukuficha, kwa maana kesho bipu zangu zinakwisha, na Jumatano ni zamu yako.

Kaka, Jumatano omba ruhusa kazini. Kabla ya saa tano kaa mahali penye utulivu, ushike simu mkononi, kidole kiwe tayari. Ni fupi sana, usipepese macho. Ukiwahi, usimuulize kitu na usilie. Mwambie tumesikia, mwambie tunakuja.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na mzee jirani yenu mwenye redio. Goti ulikande kwa maji ya moto, usibishe. Nakutakia afya njema mpaka tutakapoonana, kama bado utataka kuniona.

Ni mimi mdogo wako mtiifu,
Kidomodomo