Chai Niliyoikataa Kando ya Kitanda cha Mama Mkwe

Mpendwa Bi Morfydd,

Naomba unijibu mapema kuliko unavyowajibu wengine wanaokuandikia gazetini kuomba ushauri, kwa sababu moyo wangu umechoka, na daktari ameniambia kwa upole kwamba huenda nisiyaone maua ya Machi, na nina jambo ambalo sijalisema kwa mtu yeyote.

Mimi ni Mwingereza wa miaka themanini na minne, nilifundisha fizikia sekondari huku kaskazini mwa Welisi mpaka nikastaafu, na kwa miaka hamsini na mmoja nimekuwa mume wa Eluned, binti wa wafugaji wa kondoo, ambaye lugha yake ni Kiwelisi, na katika miaka yote hiyo sikujifunza lugha ya mke wangu. Sikukosa nafasi. Kulikuwa na darasa ukumbini kila Jumanne, nikahudhuria wiki tatu, nikajikaza kuomba mkate dukani kwa Kiwelisi, na mwenye duka kwa wema wake akanijibu kwa Kiingereza, nami nikatoka pale nimefarijika kama mwanafunzi aliyesamehewa mtihani. Kisha binti yetu Nest, akiwa na miaka minne, alinisahihisha neno mezani akacheka, na mimi niliyezoea kushika kalamu nyekundu nikainuka nikaacha chakula, na tangu siku hiyo hakunisahihisha tena, wala sikumpa tena sababu. Watu husema sisi Waingereza hatujifunzi lugha za wenzetu kwa uvivu au kwa majivuno. Mimi kila mlango niliousogelea ulifunguliwa kabla sijabisha, na nilichukia kuonekana mjinga.

Wewe unaijua desturi ya huku. Mwingereza akiingia chumbani, wote hugeuza lugha, hata wakiwa kumi na yeye mmoja, kama watu wanavyosimama kumpisha mgeni kiti, na kiti hicho nimekikalia maisha yangu yote ya ndoa.

Novemba 1983 mama yake Eluned alikuwa anakufa, ghorofani, katika chumba alichozaliwa, na Eluned na kaka yake Emrys walikuwa wamemzunguka wakizungumza, nami nikaingia, nikavuta kiti, na papo hapo wote wakageukia Kiingereza, hata mgonjwa mwenyewe, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha mnadani, cha kuuzia kondoo, maneno hamsini au sitini hivi. Emrys akaniambia, "Shemeji, si ushuke ukanywe chai?" nikamwambia sihitaji. Baadaye tena, "Chai ipo jikoni, shemeji, bado ya moto," nikasema, "Hapana, nitakaa na mama," na niliona ninafanya jambo jema, mkwe asiyekimbia kifo, na nikakaa mchana kutwa mpaka mama alipomshika Eluned mkono akamwambia, "Wewe mzuri. Mzuri sana. Umekaa vizuri," akafumba macho. Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwa mwanawe, na ndiyo maneno niliyomsikia mara nyingi akimsifia kondoo jike mbele ya wanunuzi.

Miaka yote sikuyafikiria, mpaka wiki iliyopita Emrys alipokuja kuniona. Kitanda changu sasa kiko sebuleni, nikasikia yeye na Eluned jikoni wanacheka mpaka wanakohoa, na walipoingia kwangu kicheko kikakatika. Nikauliza wanacheka nini. Eluned akasema, "Si kitu, mpenzi. Kwa Kiingereza haichekeshi," akarudi jikoni. Emrys akaniambia, "Huyu dada yangu atatuua. Bonde zima hakuna anayevunja watu mbavu kama yeye."

"Eluned yupi?" nikamwuliza, kwa sababu mke niliyemwoa ni mwanamke wa maneno machache.

Akavuta kiti, akakaa. "Nilikukaribisha chai mara mbili siku ile, Leonard, ushuke utuache na mama," akasema. "Mara mbili."

Sasa anayekufa ndani ya nyumba hii ni mimi, na sijui nimwombe Eluned msamaha au ninyamaze. Niliwaza pia kuwaomba waache kugeuza lugha, lakini naogopa, maana nitalala katikati yao peke yangu.

Leonard

*

Mzee Leonard,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na kabla ya mara ya pili niliiweka chini kwanza. La mama mkwe wako haliwezi kurekebishwa na sitakudanganya kwamba linaweza. Hukuwa mtu mbaya. Ulistareheshwa, na tuliokustarehesha ni sisi, kwa kuwa tumelelewa hivyo. Hata sasa umeniandikia kwa Kiingereza nami nakujibu kwa Kiingereza, na sikuliwaza hilo mpaka nilipofika hapa.

Lakini msamaha utamwomba Eluned kwa lugha gani? Utaomba kwa Kiingereza, atakujibu kwa Kiingereza, atasema yamepita, mpenzi, naye atakuwa amekuhudumia tena. Wala usikariri maneno mawili ya Kiwelisi ya kumwambia. Atayasifu, na hiyo nayo ni kazi.

Mwite Nest kesho, baada ya kifungua kinywa. Mwambie kwamba kuanzia siku hiyo mtu akiingia sebuleni asigeuze lugha. Watasahau, maana ulimi una mazoea. Waambie tena. Mlango wa jikoni uachwe wazi. Wakicheka, usiulize.

Unasema utakuwa peke yako katikati yao. Ndiyo, utakuwa. Hutaelewa neno, utaona wamekusahau, na hakuna wa kukufasiria. Mama mkwe wako alilala hivyo mchana mmoja katika chumba alichozaliwa, na hakulalamika. Wewe uliyejaliwa wiki kadhaa usilalamike. Katika wiki hizo utamsikia mkeo akiwa yeye. Kumwelewa umeshachelewa, kumsikia bado.

Siku yenyewe ikifika, Eluned akushike mkono aseme analotaka, kwa kirefu anavyotaka, na wewe usimwombe akufasirie.

Na Emrys akija akakuuliza kama utakunywa chai, sema ndiyo.

Morfydd