Mkono wa Bibi Ukutani

Mama,

Kichochoro chetu chote hakina fundi wa rangi kama mwanao. Jiko limekwisha kupakwa kabla ya adhuhuri: chini buluu ya nili nzito, katikati ya wastani, juu nyepesi kama ulivyotaka. Usiegemee ukuta, chokaa bado mbichi. Supu ya dengu nimeiepua. Mikate naipeleka kwenye tanuri la mtaa.

~~Ule mkono wa Bibi uko salama, nimeuzunguka kama tufanyavyo kila Ramadhani ikikaribia.~~

Hapana, Mama. Nimeupaka. Nilikuwa naimba, brashi ikapita juu ya kiganja cheupe alichokibandika Bibi kando ya dirisha mwaka aliofariki. Kushtuka, ukuta ni buluu tupu. Hapo nikafanya la aibu zaidi: nikachovya mkono wangu kwenye chokaa nyeupe, nikaubandika palepale ili usijue kamwe. Na huku najua kila asubuhi unaweka kiganja chako juu ya chake, ukidhani tumelala.

Bibi Tamo akaja kurudisha chekeche. Akautazama ukuta, akanitazama mimi.

“Fundi, marehemu dada yangu alishika brashi kwa mkono wa kulia, akabandika wa kushoto. Huu wa kulia umetoka wapi?”

Nikamwambia labda chokaa imetanuka ikageuka.

“Haya. Hebu nioneshe mkono wako.”

Nilikuwa bado sijanawa.

Mwanao Zuhayr, aliyestaafu ufundi leo